Chembe Zisizoshikana Mikono

Kabatini kwangu, juu kabisa, mbali na vikombe vya wageni, ipo chupa ya chai yenye alama nyekundu ya rangi ya kucha kwenye mfuniko. Haijawahi kutiwa chai hata siku moja. Wajukuu wameshaonywa, na ninyi mnaoanza kazi ya maabara nawaonya mapema, maana najua siku mtakayonitembelea mtakuja na kiu. Ilikuwa ya Bi Kusum. Alipostaafu aliniachia mimi. Mimi nilipostaafu sikumwachia mtu, kwa sababu siku hizi mna mtambo wa kupasha maji wenye namba za kijani, na nilijua kuna mmoja wenu angeitia chai kweli.

Bi Kusum ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara yetu pale Tabora mjini. Baba yake aliuza vitambaa, na babu yake, kwa hadithi za nyumbani kwao, aliwauzia chumvi wapagazi waliopita na misafara ya Ujiji. Alizaliwa nyuma ya duka na akakulia nyuma ya duka. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora hasa, na Kinyamwezi alikijua kiasi cha kuwageukia wauza karanga waliodhani haelewi wanapomsema. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hakuwa na subira na mtu mvivu. Ukichelewesha sampuli kutoka wodini alikuwa anakuuliza mbele ya watu, "Wapagazi walileta pembe kutoka Ujiji kwa miguu. Wewe trei moja kutoka wodi ya watoto imekushinda?"

Chupa ile ilikuwa na kazi yake. Vipimo vingine vya damu vinataka joto la mwili, nyuzi thelathini na saba, si pungufu wala zaidi, na umeme wetu ulikuwa na tabia zake. Kwa hiyo Bi Kusum alichanganya maji ya moto na ya baridi, akachovya kipimajoto, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakikaa sawa alitumbukiza tyubu ya kioo iliyozibwa vizuri, akafunga mfuniko, akaandika saa ukutani. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka mbali, mtu wa kujisikia, akaiona mezani akajimiminia. Alipiga funda moja akasema, "Chai yenu imepoa, halafu haina majani." Bi Kusum akamjibu kwa adabu zote, "Ni kweli bwana mkaguzi, na sukari pia haina. Ina damu ya mgonjwa wa wodi namba tatu, lakini usiwe na wasiwasi, imezibwa." Tangu siku hiyo ndipo rangi ya kucha ilipopakwa.

Nimefanya kazi ya damu miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kama kuna kitu katika damu ninachokivulia kofia, ni chembe sahani. Chembe nyekundu zina sifa zake, zimejaa kila mahali na kila mtu anazijua. Chembe nyeupe zinapigana na magonjwa, basi nazo zinajiona. Chembe sahani ni vipande vidogo tu. Ukizitazama kwenye hadubini unaweza kudhani ni vumbi la rangi uliloshindwa kusuuza, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilisuuza slaidi moja mara tatu nikijaribu kuziondoa. Lakini ndizo zinazokimbilia mahali mshipa ulipopasuka na kuziba. Bila hizo, mtu anaweza kuvuja damu kwa kupiga mswaki.

Zinazibaje? Hapa ndipo palipo utamu wa kazi yetu. Juu ya kila chembe sahani kuna protini za aina moja, zimepangwa nyingi mno, zenye jina refu lenye herufi za Kigiriki mtakalolikuta vitabuni. Bi Kusum aliiita mkono, na mimi naiita hivyo mpaka leo. Damu ikitembea kwa amani, mkono huo umekunjwa. Chembe zinapishana mabega na hakuna inayomshika mwenzake, na ni heri iwe hivyo, maana zikishikana ovyo ndani ya mshipa mzima mtu atapooza. Sasa mshipa upasuke. Chembe iliyo jirani inapata habari kutoka kwenye kidonda, habari inaingia ndani yake, inapita humo hatua kwa hatua, mpaka inafika kwenye shina la ile protini na kuiamuru ifunguke. Mkono unakunjuka. Unadaka uzi unaoelea katika majimaji ya damu, uzi wa fibrinojeni, na chembe nyingine inadaka ncha ya pili ya uzi huohuo. Haijaishia hapo. Mkono ukishashika, unarudisha habari ndani kule amri ilikotoka, kwamba tayari, nimeshika. Chembe ikipata jibu hilo inajitandaza, inajikaza na kuvuta, na bonge zima la damu linajikunja na kukazana juu ya kidonda. Amri inatoka ndani na jibu linaingia kutoka nje, na vyote viwili hupitia mkono uleule. Nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza nilikaa kitini nikasahau kwenda kula.

Kabla sijafika kwenye kosa langu kubwa, niwaeleze lile dogo, kwa sababu dogo ndilo lililozaa kubwa. Tulipopata mashine yetu ya kwanza ya kuhesabu damu, nilipima damu ya mwalimu mmoja mstaafu wa Lusu. Mashine ikasema chembe sahani zake ni chache za kutisha. Nikaandika hivyohivyo. Mwalimu akaambiwa, akatuma watu Lusu wawaite ndugu zake, wakaja sita wamekaa uani kwa huzuni, na mwalimu mwenyewe akaanza kugawa mashamba, huku yeye hana hata jipu. Bi Kusum akapaka slaidi, akatazama, akaniita. Chembe zilikuwapo tele, ila zimekusanyika vishada vishada. Ile dawa iliyomo kwenye tyubu ya kizibo cha zambarau, inayozuia damu isigande, kwa watu wengi hutenganisha chembe sahani, lakini kwa watu wachache sana hufanya kinyume na kuzikusanya. "Mashine haijui kuhesabu waliokumbatiana," akasema Bi Kusum. "Imeona kundi, ikahesabu mmoja." Mwalimu alirudi Lusu na ndugu zake sita, na nasikia wawili waligoma kurudisha mashamba.

Mimi nikajifunza somo. Nilijifunza kupita kiasi, ndilo tatizo. Tangu mwalimu yule niliogopa vishada kuliko nyoka. Slaidi ambayo chembe sahani zake zimetengana moja moja niliiona ni slaidi safi, ya kujivunia.

Katika hali hiyo ndipo alipoletwa Nyanzala, msichana wa miaka kumi na mitatu, kutoka kijiji kimoja upande wa Ulyankulu. Alilazwa kwa kutoka damu puani, macho yamekuwa meupe kwa kupungukiwa damu. Mwilini alikuwa na mavilio, yale madoa ya bluu na zambarau ya damu iliyovia chini ya ngozi, mapajani, mikononi, mpaka mgongoni. Aliyemleta ni Mama Petro, mke wa baba yake, akiwa amembeba Petro wake mgongoni. Mama mzazi wa Nyanzala alifariki kwa homa mtoto akiwa bado anatambaa, na Mama Petro ndiye aliyemlea. Sasa ninyi mnajua watu wanavyowaza wakiona mtoto ana mavilio na aliyemleta ni mama wa kambo. Kijijini maneno yalishaanza, na yaliwahi kufika hospitali kabla yao.

Daktari wetu alikuwa mtu makini. Hakutaka kumhukumu mtu kwa maneno ya njiani, kwa hiyo aliandika swali kwenye fomu ya maabara: je, upo ugonjwa wa damu unaoweza kueleza mavilio haya?

Swali hilo likaja mezani kwangu. Nilipitisha damu kwenye mashine, chembe sahani tele. Nikakumbuka mwalimu wa Lusu, nikasema mimi si mtu wa kudanganywa na mashine tena, nikapaka slaidi kutoka kwenye tyubu ileile na kuitazama kwa macho yangu. Zilikuwa nzuri ajabu. Moja hapa, moja pale, hakuna hata mbili zilizogusana. Nikaandika: "Chembe sahani za kutosha, zimetengana vizuri, hazina kasoro." Nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu, mkia ambao wakati ule niliuona wa kisomi.

Kesho yake asubuhi nikasikia. Kwa kuwa damu haina kasoro, basi mavilio yana mpigaji. Aliitwa afisa wa ustawi wa jamii. Ikasemwa Nyanzala akipata nafuu asirudi kwa Mama Petro, apelekwe Kaliua kwa shangazi yake, na Mama Petro akaandikishe maelezo polisi. Baba alikuwa shambani kwake kwenye tumbaku, hana habari. Mama Petro alikaa kwenye benchi nje ya dirisha letu akimsubiri afisa, Petro amelala mapajani, Nyanzala pembeni yake. Mimi nilikuwa ndani nasoma slaidi za malaria, na niwe mkweli, nilikuwa upande wa waliomlaumu. Nilijisemea kwamba wanawake wengine wana roho ngumu.

"Nyamizi, njoo dirishani," akaita Bi Kusum.

"Naja Bi Kusum, namalizia malaria hizi."

"Malaria hazikimbii. Njoo."

Nikaenda.

"Unaona nini?"

"Namwona yule mama wa kambo."

"Sikukuuliza ukoo. Mkono wake unafanya nini?"

Pua ya Nyanzala ilikuwa imeanza tena. Mama Petro alikuwa amemwinamisha mtoto mbele, amembana pua pale palipo laini chini ya mfupa, kwa vidole viwili, bila kulegeza, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani ndani kwetu. Hakuwa na haraka wala hofu. Petro alilia, akamtikisa kwa goti, vidole vikabaki palepale.

"Wodini humo," akasema Bi Kusum, "wangapi wanajua kubana pua namna hiyo? Wote wanamlaza mtoto kichwa nyuma anameza damu yake. Huyu hakufundishwa jana. Huyu ameibana pua hii miaka."

Akatoka nje, nami nyuma yake.

"Shikamoo mama," akasema Mama Petro, vidole bado puani.

"Marahaba mwanangu. Umembana tangu saa ngapi?"

"Tangu mshale mrefu ulipokuwa kwenye mbili."

"Akijikata na jani la muhindi inakuwaje?"

"Hilo jani la muhindi, mama, linamtoa damu kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Jino lake la kwanza la utoto lilipong'oka nilimwekea kitambaa nikamkandamiza kwa kidole siku nzima. Ugali wa baba yake niliusonga kwa mkono mmoja."

"Umewaambia haya?"

"Nimewaambia. Wakasema damu yake imepimwa, haina kitu."

Akanitazama mimi niliyevaa koti jeupe. Hakujua kuwa aliyepima ndiye mimi, lakini nilishindwa kumtazama, nikashughulika na kifungo cha koti.

Tulipoingia ndani Bi Kusum aliniuliza swali moja. "Slaidi yako ulipaka damu ya tyubu au ya kidole?"

"Ya tyubu."

"Ya kizibo cha zambarau?"

"Ndiyo."

"Basi ulizitazama zikiwa zimefungwa mikono."

Niliijua sababu, nilikuwa nimeisoma chuoni na kuijibu kwenye mtihani. Dawa ya ile tyubu inaondoa madini ya kalsiamu, na bila kalsiamu ule mkono haushiki chochote. Damu ya karibu kila mtu ukiitia humo, chembe sahani zitatengana vizuri, yangu, yenu, ya daktari. Nilikuwa nimewafunga watu mikono, kisha nikaandika kwa sahihi yenye mkia kwamba ni wapole hawagombani. Slaidi yangu safi haikuwa imejibu swali la daktari hata kidogo.

"Kaa," akasema Bi Kusum. "Kidole chako kwanza."

Njia hii shikeni, haina gharama. Unachoma kidole, unafuta tone la kwanza, na tone la pili unaliweka moja kwa moja kwenye slaidi na kulitandaza, bila tyubu, bila dawa. Chembe sahani zimetoka mwilini zikiwa na akili zake zote, zimeona kidonda, zimepata habari, zinaanza kazi palepale kwenye kioo. Slaidi yangu ilipokauka na kupakwa rangi, nikaiweka chini ya hadubini. Vishada kila upande. Chembe zangu zilikuwa zimekamatana kama majirani kwenye mazishi. Vishada vilevile nilivyokuwa naviogopa, hapa ndiyo uzima wenyewe.

Ndipo akaletwa Nyanzala. Alinyoosha kidole kabla hajaambiwa, alikuwa amezoea. Tone la pili, slaidi, rangi. Kwenye kiti cha pembeni Mama Petro alishabana kile kidole, na tuliposema kidogo tu, kitakauka, alitikisa kichwa akaendelea kubana. Mimi nilikuwa nimeshaacha kutoka damu zamani, bado tone lake linachuruzika.

Nilitazama slaidi ya Nyanzala kutoka ukingo hadi ukingo. Moja. Moja. Moja. Hakuna dawa iliyozifunga, na bado hakuna hata mbili zilizoshikana. Nikampisha Bi Kusum. Alitazama muda mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, kisha akasema taratibu, "Masikini wee. Zote zipo, zote zimefika, hazina mikono."

Hakuridhika na slaidi. Alichukua damu kidogo yangu na kidogo ya Nyanzala, kila moja kwenye tyubu yake ya kioo isiyo na dawa, akaziteremsha kwenye maji ya chupa ya rangi ya kucha, akaandika saa. Zote mbili ziliganda, maana kuna njia nyingine ya damu kuganda ambayo haihitaji ule mkono. Lakini kuganda ni jambo moja na kukaza ni jingine. Baada ya saa mbili bonge langu lilikuwa limejikunja, limejitenga na kioo, linaelea katika maji ya manjano kama ini dogo. La Nyanzala lilijaa tyubu vilevile kama lilivyowekwa. Hakukuwa na wa kulivuta. Ule mkono haukuwapo, kwa hiyo hakukuwa na jibu la kurudisha ndani, na chembe zilikaa tu zikingoja habari ambayo isingekuja. Zilikuwa tele, nzima, zenye umbo zuri, na mashine ilikuwa imezihesabu vizuri kabisa.

Nikachukua karatasi yangu ya jana niichane niandike nyingine. Bi Kusum akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Unafanya nini?"

"Naandika jibu sahihi."

"Ukiichana hii, yule afisa ataona karatasi mbili tofauti. Atasema mama wa kambo amelia, maabara wakamhurumia. Kata mstari mmoja. Kosa lisomeke. Andika sahihi chini yake, tia jina lako tena, uipeleke mwenyewe."

Mstari mmoja. Ndiyo kanuni ya maabara hata leo, mtaisikia wiki ya kwanza na mtadhani ni urasimu. Nilikata. Chini nikaandika kwamba jibu la juu lilitokana na damu ya tyubu, kwamba damu ya kidole imeonyesha chembe sahani zisizoshikana, kwamba bonge halijikazi, na kwamba mtoto huyu anapata mavilio bila kupigwa na mtu. Sahihi ya pili haikuwa na mkia. Sijawahi kuurudisha.

Nilimpelekea daktari, na daktari akamwita afisa, na afisa akamwita Mama Petro. Nilitamani nisiwepo, lakini Bi Kusum alikuwa amesimama mlangoni. Nikaeleza kosa langu mbele yao wote. Afisa alisoma mstari wa juu, akasoma wa chini, akafunga jalada lake. Nilidhani Mama Petro atalia au atashukuru. Hakufanya hata kimoja.

"Kwa hiyo ni wewe uliyepima jana," akasema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Jana ulikuwa umeona nini?"

"Niliona ninachopenda kuona."

Alinitazama kidogo, akamsogeza Petro bega la pili. "Nakala ya hiyo karatasi naitaka," akasema. "Hiyohiyo yenye mstari."

Damu ya Nyanzala ilipelekwa Dar es Salaam, kwenye mashine inayoweza kuulizia protini yenyewe kwa mwanga, na jibu likaja kama Bi Kusum alivyosema: protini ile kwake haipo. Alipewa dawa ya kuzuia bonge lake legevu lisiyeyuke, akakatazwa aspirini na sindano za msuli, akaandikiwa kwamba kabla ya kung'olewa jino au kupasuliwa lazima kwanza aandaliwe chembe sahani za mtu mwingine. Daktari akawaita baba na Mama Petro akawaeleza asili yake. Ugonjwa huu hurithiwa pande mbili. Baba alibeba nusu, marehemu mama wa Nyanzala alibeba nusu, na wao wenyewe hawakuumwa chochote. Mimi nilikuwepo nimeleta jibu. Mama Petro alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi?"

"Wewe huhusiki kabisa, mama," akasema daktari. "Katika nyumba ile, wewe ndiye mtu pekee ambaye haiwezekani kuwa chanzo."

Hapo ndipo alipolia. Alijifunika uso kwa kitenge, na mume wake, mtu mzima wa tumbaku mwenye viganja vyeusi, hakujua aweke wapi mikono yake.

Bi Kusum alistaafu muda si mrefu baadaye na amekwishatutoka. Nawaambia kwa moyo wote, sijawahi kuona jicho kama lake. Mimi nilikuwa na mashine, hadubini na cheti, na nilitazama chembe laki kadhaa nisione ugonjwa. Yeye aliuona kwenye vidole vya mwanamke kupitia dirishani.

Sasa la juzi, kisha niwaache mkafanye kazi. Niko nyumbani nachambua mchele, simu inalia. Ni mwenzenu Editha, yule binti mchangamfu aliyeanza kazi mwaka juzi katika maabara moja mjini. "Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Nina mgonjwa hapa wa kung'olewa jino. Mashine yangu inasema chembe sahani safi kabisa, na nimetazama slaidi, zimetengana vizuri. Lakini amekuja na mama yake, na mama amekataa binti asiguswe. Ametoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ina jina lako, mama, halafu... imekatwa mstari."

"Kilichokatwa kinasomeka?"

"Kinasomeka vizuri tu. Ndicho nilichoandika mimi sasa hivi."

Nikamwambia aache tyubu, achome kidole. Cha kwake kwanza, kisha cha mgonjwa. Akaiacha simu mezani wazi. Nilisikia viti, nikasikia bomba la maji, nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema, "Usiachie mapema, mimi namjua, nipe nibane." Mchele wangu nikausahau. Editha aliporudi alikuwa anazungumza polepole.

"Moja moja, mama. Za kwangu zimeshikana, za kwake zote moja moja."

"Kata mstari mmoja," nikamwambia. "Usichane."

Kisha simu ikachukuliwa.

"Mwangaluka, Bi Nyamizi," akanisalimu Mama Petro kwa Kinyamwezi. "Nyanzala anakusalimu, ameshakuwa mtu mzima, utamshangaa. Unisamehe tu, mwenzangu. Kila hospitali ninayokwenda naonyesha kosa lako."

Nikamwambia nampa ruhusa aendelee kulionyesha, na karatasi ikichakaa aje nyumbani nimtolee nyingine.